Picha za Kambani na Mdogo Wake Bibi

Mwezi uliopita niliibiwa simu stendi, na picha zangu zote zikaenda nayo. Kila niliyemweleza alinipa pole, kisha akaniambia nisijali, picha nitapiga nyingine. Ndivyo tulivyo watu wa rika letu: tunapiga picha chakula kabla hatujakila, tunapiga miguu yetu wenyewe tukiwa tumekaa, na tukiibiwa tunaanza upya. Mimi sikutaka kufarijiwa hivyo. Nilikaa kitandani mikono mitupu, nikajikuta nawaza enzi zile ambazo picha zote za maisha yangu nilizijua moja moja, kwa sababu hazikujaza hata ukuta mmoja.

Nilikulia Naipingo, upande wa Nachingwea, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye sebule ndogo. Ukutani palikuwa na picha ya harusi ya baba na mama, picha ya mjomba aliyefariki kabla sijazaliwa, na picha ya kaka yangu siku ya kutoka jandoni, kavaa miwani ya kuazima. Zaidi ya hapo ilikuwepo kalenda ya parokia yenye picha ya askofu, na kwa kuwa askofu naye alikuwa ukutani, niliamini ni ndugu yetu wa upande wa baba. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Kwetu mtu hakutundika picha ya asiyemhusu. Mgeni akiingia, macho yake yalikwenda ukutani kwanza, akauliza, "Huyu nani wenu?", na jibu likawa mjomba, shangazi, au marehemu fulani. Basi nikajitungia sheria yangu: mwenye picha na aliye pichani ni damu moja.

Aliyekosekana ukutani ni Bibi, mama yake mama, ingawa alikuwa akiishi nasi. Katika picha ya harusi anaonekana pembeni kipande cha kanga na kisigino kimoja tu, kwa sababu mpiga picha alipokuwa tayari, yeye aligeuka akaondoka. Bibi alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, Msumbiji. Alivuka mto Ruvuma akiwa msichana, wakati wa vita vyao na Mreno, akafika Nachingwea kwa miguu, akaolewa huku na hakurudi tena. Usoni alikuwa na nembo, zile chale za zamani: mistari iliyokunjwa pembe kwa pembe kutoka masikioni hadi mashavuni, na mingine ikipanda katikati ya paji la uso. Juu ya mdomo wa juu palikuwa na tundu dogo alipokuwa akivaa ndonya, kile kipande cha mti cha pambo, enzi za usichana wake. Mimi nilizaliwa nikaikuta sura hiyo, sikuona ajabu yoyote. Nilidhani nembo humtoka mtu akizeeka, kama mvi. Nilikuwa najichungulia kwenye ndoo ya maji asubuhi nione kama mstari wangu wa kwanza umeanza.

Kijijini Bibi alijiachia, lakini tukienda Nachingwea mjini, kabla hatujafika kwenye maduka, aliuvuta upindo wa kanga akaung'ata kwa meno, yakabaki macho tu. Mama alinieleza kwamba Bibi alipofika mara ya kwanza watoto wa mjini walimfuata nyuma wakimcheka, na kwamba siku moja, akiwa kwenye foleni ya dawa, mtu mzima mwenye akili zake alimwita mwenzake aje amtazame. Tangu hapo kamera na yeye hawakupatana. Hata kadi ya kupigia kura hakuwa nayo. Akiambiwa picha ni lazima, alijibu kwamba kura yake atampelekea Mungu mwenyewe.

Ndipo akaja Mama Picha. Jina lake halisi lilitushinda kulitamka, na hili alilipenda mwenyewe. Alikuwa mzungu mtu mzima, mrefu, mwenye nywele alizozifunga kwa kamba ya viatu, kutoka nchi ambayo alituambia mito yake huganda kwa baridi mpaka magari yanapita juu. Tulinyamaza kwa adabu, maana mgeni habishiwi siku ya kwanza. Alifikia nyumba ya wageni ya misheni, akapata gari na dereva, akawa anazunguka vijijini. Kazi yake ilikuwa kusafiri duniani akipiga picha watu na mila zao, na kila alikofika alisimulia alikotoka. Kiswahili alikuwa amejifunza kitabuni. "Habari za asubuhi, watoto wapendwa," alitusalimia pale uwanja wa shule. Hatukuwahi kuitwa wapendwa na mtu yeyote, tukaangaliana.

Kumbe alikuwa na utaratibu wake. Hakutoa kamera. Alitoa kamba ya nailoni, akaifunga kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine, akatundika picha zake kwa vibanio vya kuanikia nguo. Zilikuwa kubwa, kila moja kama daftari kubwa lililofunguliwa.

"Siwezi kuomba sura zenu kabla sijawaonyesha nilikotoka," alisema. "Ulizeni mnachotaka."

Ulikuwa msimu wa kuvuna mbaazi, shule imefungwa, na Naipingo nzima ilikuja kuuliza. Palikuwa na wanawake waliosimama ndani ya ziwa la chumvi mpaka magotini, wakiikwangua chumvi kwa sepetu. Palikuwa na familia inayoishi kwenye nyumba ya manyoya ya kondoo, wanaihamisha kama sisi tunavyohamisha kitanda. Palikuwa na mzee aliyezungukwa na wanyama wenye pembe kama matawi kichwani, na bibi harusi anayelia kwa sauti huku jamaa zake wamekaa wanamsikiliza, kwa sababu kwao bibi harusi asipolia vizuri ni aibu kwa mama yake. Kila picha Mama Picha aliisimulia taratibu: alifikaje pale, alilala kwa nani, walimpa kula nini, alikosea nini wakamcheka. Huo ndio ulikuwa utamu wake. Hakujitia kujua kila kitu.

Na maswali ya watu wetu yalimtoa jasho. Mzee mmoja aliitazama ile familia ya nyumba ya manyoya, akauliza, "Hawa wakifiwa, watani wao wanafanya nini?"

Mama Picha hakuelewa. Ikabidi aelezwe kwamba kwetu msiba una watani, watu wa kabila la utani, ambao huja kuvuruga kilio, wanajilaza badala ya maiti, wanadai soda, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi.

"Sijui kama hao wana watani," alikiri. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo."

"Sasa nani anawachekesha?" akauliza yule mzee, na watu wakasikitika kabisa, wakawatazama wale wa kwenye picha kwa huruma mpya.

Mimi nilikuwa na tatizo langu kubwa zaidi. Kwa sheria niliyoijua, wote waliokuwa kambani walikuwa ndugu zake Mama Picha. Vinginevyo, kwa nini awabebe dunia nzima ndani ya begi, awafute vumbi kwa kitambaa, awaite kwa majina? Lakini mmoja mweusi, mwingine ana macho membamba, mwingine mwekundu kama udongo wa Nachingwea. Nilipiga hesabu nikapata jibu: baba yake alikuwa msafiri aliyeoa wake wengi. Nilimwonea huruma mama yake. Nikawa nazunguka na ile kamba nikimtafutia mtu mwenye pua kama yake.

Kesho yake Bibi alitumwa na mama kuja kuniita, maana nilikuwa nimeacha vyombo. Alipita nyuma ya watu, upindo wa kanga mdomoni kwa sababu ya mgeni, akinitafuta kwa macho. Kisha akasimama. Alikuwa amefika kwenye picha ya mwanamke mzee aliyekaa mlangoni kwake, kiko mdomoni, na uso wake wote, kuanzia kidevuni hadi kwenye paji, umejaa mistari ya nembo.

Kanga ilimtoka Bibi menoni. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha.

"Filomena," alisema.

"Nani, Bibi?" nikauliza.

"Mdogo wangu."

Kwamba Bibi alikuwa na mdogo wake anaitwa Filomena nilijua, maana mama yangu alipewa jina hilo hilo. Na sasa huyu hapa, kambani! Hesabu yangu ikajipanga yenyewe: yule ni mdogo wake Bibi, na wote wa kambani ni ndugu zake Mama Picha, kwa hiyo Mama Picha ni wetu. Nilimkimbilia nikamshika mkono, nikamwamkia shikamoo ile ya mama mdogo, yenye kupiga goti.

Mama Picha alikuja akasimama kando ya Bibi. Akamweleza kwa upole kwamba mwanamke yule anaishi kwenye milima ya mbali sana, kupita Bara Hindi, na kwamba hajawahi kuliona bara letu.

"Mie nami niko mbali na kwetu," Bibi alimjibu bila kuondoa macho pichani. "Watu wanahama."

"Ni mbali sana, Bibi. Ni ndege mbili."

"Anakula nini huko?"

Mama Picha akaitazama picha, kisha akamtazama Bibi. Nadhani alikuwa anaamua. Kisha akajibu swali aliloulizwa. Akasema anakula mtama na maharage, anafuga kuku, ana wajukuu wengi, na jioni anavuta kiko na majirani. Bibi akauliza kama mume wake alikuwa mtu mwema. Akauliza kama huwa anacheka. Akauliza chale zile nani alimchanja, na kwa nini, na Mama Picha akasimulia alivyosimuliwa: kwamba zamani huko wafalme walikuwa wakiiba wasichana wazuri, na wazazi wakawachora nyuso ili wasichukuliwe.

"Kwetu sisi huo ulikuwa ndio uzuri wenyewe," alisema Bibi. "Msichana asiye na nembo, nani amtazame?"

Alikaa pale mpaka vyombo vyangu vikasahaulika. Nilishangaa kitu kimoja tu, nikakiweka moyoni: katika maswali yote yale hakuuliza mtu anafikaje huko.

Mama Picha aliomba hapo hapo. Alisema amekuja kusini kwa ajili ya sura kama ya Bibi, kwamba wenye nembo wamebaki wachache na wanaondoka, na kwamba angependa kumtundika karibu na yule wa milimani. Bibi alirudisha kanga menoni.

"Ili unipeleke nikachekwe na huko?"

"Watu hawacheki, Bibi. Wanatazama kwa heshima."

"Umewasikia wote?"

Mama Picha akaitazama kamba yake.

"Hapa Naipingo hawatacheka, wananijua, watanionea haya," Bibi akaendelea. "Wewe unakwenda wapi kutoka hapa?"

"Ruangwa. Siku ya gulio."

"Mtundike yule huko. Mie nitakaa chini yake nisikilize. Wasipomcheka yeye, utanipiga mie. Wakicheka, usiniombe tena."

Wakakubaliana. Jioni ile mama alipoambiwa kwamba Bibi anakwenda Ruangwa kwa ajili ya Filomena, aliacha kupepeta, akamtazama mama yake kwa muda. "Mama, na huyu mtoto unamwambiaje?" akauliza. Bibi akasema mtoto atakwenda naye kumbebea kikapu. Mimi niliona wanasemezana kwa macho, lakini nilikuwa na safari ya gari mbele yangu, sikuwa na nafasi ya kuchunguza macho ya watu.

Tulikwenda na lile gari la misheni, Bibi mbele na dereva, mimi nimebanwa katikati, Mama Picha nyuma na mizigo yake. Gulio la Ruangwa lilikuwa limejaa. Mama Picha alifunga kamba kati ya nguzo za banda lililokuwa tupu. Bibi akatandika gunia chini ya picha ya yule bibi wa milimani, akamwaga njugumawe, akazipanga mafungu mafungu. Kanga ilikuwa mdomoni. Yeyote angedhani ni mama mchuuzi aliyewahi kupata kivuli.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Watu walikuja, wakauliza ya chumvi, wakauliza ya wanyama wenye matawi kama nyama yao ni tamu. Mwanamke aliyetoka Malolo na viazi vyake aliutua mzigo akasikiliza habari za bibi harusi anayelia, akasema angekuwa yeye angelia mpaka wampe ng'ombe. Wachache walisimama mbele ya bibi wa milimani, wakamtazama, wakapita. Kila mmoja aliposimama, mkono wa Bibi ulisimama juu ya njugu. Akipita, mkono ukaendelea.

Kisha wakaja vijana wa bodaboda, watatu, funguo vidoleni.

"Oyaa, cheki bi mkubwa huyu!" alisema mmoja, kijana mnene mwenye fulana isiyo na mikono. "Kachorwa uso mzima kama daftari la chekechea!"

Wenzake wakaangua kicheko. "Noma! Huyo ukikutana naye njiani unaacha pikipiki unakimbia kwa miguu!"

Na watu wengine, ambao dakika ile ile walikuwa wanamtazama vizuri tu, nao wakacheka. Hata mwenye viazi alicheka. Nilimtafuta Mama Picha kwa macho. Uso ulikuwa umemwiva. Kile Kiswahili cha kitabuni hakikuwa na sura ya kujibu bodaboda. Bibi aliinamia gunia lake. Alianza kuzirudisha njugumawe kwenye kikapu, fungu moja moja, bila haraka, na hilo liliniuma kuliko angelia.

Nilikuwa mtoto wa maswali, si wa majibu. Lakini hasira ilinipandisha juu ya ndoo iliyokuwa imefunikwa pale, nikapaza sauti.

"Huyo ni mdogo wake bibi yangu!"

Kicheko kikapungua kwa mshangao tu. Nikaendelea, maana nilijua nikinyamaza nitashuka nikilia. Nikawaambia anaitwa Filomena. Nikawaambia walikimbia vita pamoja na bibi yangu wakapotezana njiani, bibi akaja Nachingwea, na yeye akakosea akashika njia ya Bara Hindi. Kwamba alitembea mpaka akafika milimani, akakuta wafalme wanaiba wasichana wazuri, lakini yeye hawakumwiba, maana alikuwa na nembo za kwao Umakondeni. Kwamba aliolewa na mume mwema, analima mtama, anafuga kuku, ana wajukuu, na jioni anavuta kiko anacheka. Na kwamba huyu Mama Picha ni mtoto wa ndugu, ndiye aliyetuletea salamu.

Yote hayo niliyaamini. Mama Picha alinitazama kama mtu anayesikia habari zake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo nyie mna ndugu Bara Hindi?" aliuliza yule mama wa viazi, na hapakuwa na kejeli hata kidogo kwenye sauti yake. Alitaka kujua.

"Kupita hapo," nikamwambia. "Ndege mbili."

Yule kijana mnene akajikuna shingo. "Samahani, dogo. Sikujua ni bibi yenu. Bibi yako mwenyewe yupo?"

"Huyo hapo chini."

Wote wakainama kutazama. Bibi akaweka kikapu chini. Kisha akaifungua mdomoni kanga, akaishusha mabegani, akainua uso katikati ya gulio la Ruangwa, mchana kweupe. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya wasiomjua.

"Shikamoo, Bibi," alisema yule kijana, sauti imeshuka.

"Marahaba. Haya, cheka."

Hakuweza. Alichuchumaa mbele ya gunia, akamtazama usoni, na nikaona uso wake unabadilika kutoka aibu kwenda kwenye kitu nilichokijua vizuri, maana ni ugonjwa wangu mwenyewe: alikuwa na swali na anashindwa kulizuia.

"Bibi, iliuma?"

Bibi akamwonyesha mkono wake kwa kidole. Pale begani kijana alikuwa amechorwa moyo wenye jina la msichana. "Hiyo yako iliuma?"

"Daah. Iliuma, Bibi."

"Na huyo msichana yupo?"

"Ameshaolewa Mtwara."

Watu walicheka mpaka banda likatikisika, na safari hii Bibi alicheka nao. Baada ya hapo ilikuwa maswali tu. Akawaeleza kisu chenyewe kilivyokuwa, masizi na mafuta ya nyonyo yaliyosuguliwa kwenye jeraha, jua ulilokaa ili uso ukauke, na jinsi usivyoruhusiwa kucheka wala kulia mpaka mistari ishike. Akawaonyesha huu wa shavuni ni wa ukoo upi, na huu wa paji alichagua mwenyewe kwa ubishi. Mtu mmoja akasema bibi yake, Mmakua, naye alikuwa nazo, akazikwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Njugumawe zikaisha bila kutangazwa.

Ndipo Bibi akamgeukia Mama Picha. "Haya, piga."

"Lakini walicheka, Bibi," alisema Mama Picha, mkweli mpaka mwisho. "Tulikubaliana."

"Walicheka kwanza, wakauliza baadaye. Piga kabla sijabadilika."

Alipigwa akiwa ameketi juu ya gunia lile lile, mgongo umenyooka, hakutabasamu. Mama Picha alikuwa na mashine ndogo ya kuchapa aliyoiunganisha na betri ya gari, na baada ya muda uso wa Bibi ukatoka, kwanza paji, kisha mashavu, sisi wote tumeinama tunausubiri. Bibi aliishika picha yake kwa ncha za vidole. Aliitazama kidogo tu, akamrudishia.

"Nenda nayo hii. Sura yangu naijua. Mie nipe yule."

Mama Picha akaishika pembe ya ile picha. Ilikuwa ndiyo picha pekee ya mwanamke yule aliyokuwa nayo safarini, na nyuma yake alikuwa ameandika siku walizokaa pamoja. Hata mimi mtoto niliona ni kitu anachokipenda. Alisogea karibu na Bibi, akasema polepole, kama anayeogopa kuvunja kitu, "Bibi, nisikudanganye. Huyu si mdogo wako."

"Nimekusikia, mwanangu. Tangu siku ile nimekusikia."

Wakatazamana. Sijui Mama Picha alisoma nini usoni pale, lakini alivifungua vibanio viwili, akamkabidhi picha kwa mikono miwili kama anavyofanya mtu wa kwetu, kisha akamtundika Bibi mahali pake. Sijui Bibi ametundikwa nchi ngapi tangu siku hiyo. Nimewahi kujiuliza kama wale wa chumvi waliuliza ana watani gani.

Tulirudi na dereva peke yake, Mama Picha amebaki Ruangwa. Jua lilikuwa bado juu. Bibi alikuwa ameiweka picha mapajani, anaizuia kwa viganja viwili isirushwe na upepo wa dirishani. Nilijizuia mpaka nikashindwa. Sikumwelewa kabisa, na kutoelewa ndicho kitu kilichokuwa kinaniudhi kuliko vyote.

"Bibi, mbona hukuuliza kijiji chake? Tutamfuataje?"

Bibi alikisafisha kiko cha yule wa pichani kwa kidole, palikuwa na vumbi.

"Filomena nilimzika mwenyewe," alisema. "Ng'ambo, njiani, kabla hatujauona mto. Alikuwa mdogo, hajachanjwa hata mstari mmoja."

Dereva alipunguza mwendo, ingawa barabara ilikuwa nzuri.

"Sasa huyu?"

"Nilitaka tu nione angezeekaje."

Nikainama nikamtazama tena yule mwanamke wa mbali, mistari yake, macho yake madogo, mikono iliyochoka. Nikasema nilichokiona. Nikamwambia amezeeka vizuri.

"Eeh," alisema Bibi, akaisogeza picha ili nami niione sawasawa. "Meno tu ndiyo yamemwisha."